Wimbo Haujaisha, Pilau Haijaiva

Juzi nilialikwa harusi ya mjukuu wa jirani yangu, hapa hapa Bagamoyo. Wakanikalisha mbele karibu na spika, kama wanavyotukalisha wazee siku hizi, sijui ili tusikie vizuri au ili tufe upesi. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti akasimama akasema kwamba sasa tutapigiwa wimbo wa kale, wimbo wa mabibi zetu, ambao mtunzi wake hajulikani. Ukapigwa. Ulikuwa ule wimbo wa chai.

Nilitaka kuinuka. Magoti hayakunikubalia, na mjukuu wangu aliyekaa ubavuni kwangu akanishika mkono akidhani nimepatwa na kizunguzungu. Sikupatwa na kizunguzungu, nilipatwa na hasira. Hajulikani na nani? Mimi namjua. Nimelala naye kitanda kimoja, nimemsuka nywele, na siku aliyokufa nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Kijana yule angegeuza shingo kidogo tu akauliza, angejibiwa pale pale, tena kwa sauti kubwa kuliko hiyo spika yake.

Kwa hiyo naandika. Sitaki kusifiwa uandishi. Nimekasirika, na tangu utoto wangu mimi sijui kunyamaza nikikasirika, nimepigwa sana kwa sababu hiyo na sikuacha.

Mtunzi wa wimbo wa chai ni shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja. Aliolewa mara mbili akaachwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani kwa baba yake na sanduku lake lile lile, akakaa ndani. Nasema akakaa ndani kwa maana yake hasa. Miaka hiyo Mwingereza bado yupo, na mwanamke wa nyumba kama yetu hakutoka mchana ila kwa msiba au harusi, tena na buibui, tena kwa kufuatana na wenzake. Riziki yake ilikuwa kupikia watu harusi zao. Pilau yake ilikuwa na jina mpaka Mapinga, na watu walitoka Fukayosi kuja kumwomba, wakisimama mlangoni na kuku miguu juu mkononi, wakimbembeleza kama posa.

Mashairi aliyatunga akichambua mchele. Ungo magotini, vidole vinatafuta chuya na vijiwe, midomo inacheza. Akifika penye neno linalomkataa, ungo unasimama. Likimkubali, anaupepeta mara moja kwa nguvu na kuendelea. Mimi nililelewa kwenye nyumba ile, nikajifunza kutomsemesha ungo ukiwa umesimama.

Kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu alijua, vizuri kuliko baba yangu, lakini mashairi yake hakuyaandika kamwe. Alisema karatasi mwisho wake ni kufungia karanga. Na ni kweli, karanga tulizonunua mlangoni zilikuja zimefungwa kwenye karatasi zenye maandishi ya watu, barua za watu, hesabu za watu, nasi tulikula karanga tukatupa maneno. Yeye alitaka maneno yake yaimbwe. Kinachoimbwa hakifungi karanga, alisema.

Sasa kuna mwimbaji. Alizaliwa mtaani kwetu, mama yake alikuwa akiazima kinu kwetu, na alipokua akaenda Dar es Salaam akafanya kazi bandarini. Huko akaingia katika chama kimoja cha taarab, na haikupita muda akawa ndiye mwimbaji wao mkubwa. Chama hicho nilikipenda kupita kiasi. Sijawahi kupenda kitu cha nje ya nyumba yetu kama nilivyowapenda watu wale, na sikuwa nimewaona hata mmoja wao ukimtoa huyo mtoto wa jirani. Niliwasikia kwa santuri. Mpiga fidla wao alikuwa na namna ya kuchelewa kidogo, waimbaji wameshatua yeye bado yuko hewani, halafu anatua peke yake taratibu. Nilikuwa nikifua nguo huku nikiipiga fidla ile kwa mdomo, na mama akiniuliza kama nimemeza mbu.

Idi moja mwimbaji akaja kusalimia kwao, na shangazi akamwita. Yeye akakaa barazani, shangazi akakaa ndani nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, nami nikakaa sakafuni karibu na shangazi. Ndivyo mambo yalivyofanywa. Akamfundisha wimbo wa chai kwa mdomo, mstari kwa mstari, na mwimbaji akawa anaurudisha kutoka upande wa pili wa mlango mpaka ukakaa.

*Nalikupikia chai, ukenda kunywa jirani,*
*Na sukari sikudai, nami nikakaa ndani,*
*Leo wabisha kwa rai, sina tena birikani.*

Nauliza, na ninauliza kwa nia ya kujibiwa: ni mwanamume gani wa pwani hii aliyewahi kupika chai akamngoja mtu asiyekuja? Mtu akiusikia ubeti huo na asijue kwamba umetungwa na mwanamke, tena mwanamke aliyeachwa, basi hana masikio, ana matundu tu.

Beti zikaenda mpaka wa mwisho. Asiyejua ushairi wetu nimweleze: shairi lina mlango wa kuingilia na lina mlango wa kufungia. Ubeti wa mwisho ndipo mtunzi anapojitaja, yeye ni nani na anakaa wapi. Wanaume wote waliotunga walijitaja, wengine mpaka wakataja na babu zao. Shangazi naye alijitaja. Alimwimbisha mwimbaji ubeti ule mara nyingi kuliko beti nyingine zote, kisha akamwambia asiuache kamwe, kwa kuwa nyumba isiyofungwa mlango kila apitaye ataingia na kusema ni kwake. Mwimbaji akaapa. Nilimsikia kwa masikio yangu akiapa kwa haki ya Mungu.

Mwaka uliofuata niliolewa, na miezi michache baadaye baba mkwe wangu akamwoza binti yake mdogo. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mbata na boriti, mtu mwenye nyumba ya ghorofa, bakora ya mpingo na sauti ya chini ambayo hakuhitaji kuipandisha. Ndiye aliyekuwa na ile santuri niliyokuwa nikiisikia mpaka uani kwetu. Alipotangaza kwamba ameagiza chama kile kile kutoka Dar es Salaam kije kipige nyumbani kwake, ndani ya uwanja wake, kwa watu wake tu, nilikaa chini jikoni nikacheka peke yangu. Mimi, kuwasikia watu wale chini ya dari ninayolala.

Ilikuwa masika, na barabara ya Dar es Salaam siku za mvua haikuwa barabara, ilikuwa tope lenye njia. Watu wa chama walikuja kwa lori la mbata, na dereva akasema wazi kwamba jua likizama yeye hagusi usukani. Kwa hiyo mambo yakapangwa tofauti na kawaida: watapiga baada ya alasiri, watakula, na waondoke kabla ya magharibi.

Wanawake tulifanya kazi siku zote zile mpaka mikono ikawa si mikono. Tulisafisha uwanja, tukapaka chokaa ukuta, tukaazima mazulia nyumba kwa nyumba, tukajaza sufi kwenye mito. Shangazi yangu aliombwa kupika, na alikuja tangu jana yake na mwiko wake mwenyewe. Tulipomaliza yote hayo, baba mkwe akaagiza majamvi yatundikwe kutoka nguzo hadi nguzo, upande mmoja wanaume na chama, upande wa pili wanawake na masufuria. Majamvi mapya, mazito, yamesukwa na nani? Na sisi. Nilishona mimi mwenyewe ukili wa jamvi lililonizuia kuona.

Nasikia watu wakiisifu heshima ya zamani. Waliokuwa mbele ya jamvi ndio wanaosifu. Mimi nilikuwa nyuma yake, na macho yangu yakimwagika machozi kwa moshi wa kuni mbichi, na kitu nilichokipenda kuliko vyote kikipigwa hatua chache kutoka kwangu. Nikachomoa kipini cha nywele nikatoboa kitundu. Niliona goti la mpiga udi. Nikahamia kwingine, nikatoboa tena, na safari hii niliiona fidla, na kidevu kizee kilichoilalia, na vidole. Nikasema moyoni, ndiye huyu anayechelewa. Sikupata hata kuhesabu vidole vyake, mzee mmoja wa upande ule akakaa mbele ya kitundu changu na mgongo wake mpana, na kwa muda wote uliobaki taarab yangu ikawa kanzu ya pamba.

Lakini masikio hayakuwekewa jamvi. Nitasema kweli, walipiga vizuri, walipiga kuliko santuri. Kwenye santuri husikii mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Husikii dumbaki ikipashwa moto ili ngozi ikaze, wala mpiga fidla akikohoa. Walipoanza, wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu walisimamisha visu. Bibi harusi mwenyewe alitoka chumbani, jambo asiloruhusiwa, akaja kukaa kati yetu kwenye gunia la mkaa akiwa na hina yake.

Shangazi hakukaa. Alikuwa amesimama penye sufuria kubwa, pilau imeshafunikwa na makaa yamepangwa juu ya ufuniko, akingoja wimbo wake. Alikuwa amevaa khanga mpya. Nilijua anangoja, kwa sababu midomo haikuwa ikicheza.

Ukaanza. Mwimbaji alikuwa na sauti, Mungu alimpa, sitamnyima. Alipofika kwenye birika, nilisikia wanaume wazima wakisema Allah, Allah, mwingine akipiga paja, na yule wa mgongo mpana mabega yakamcheza. Walilia. Watu ambao hawajawahi kushika birika isipokuwa kwa kumimina, walilia kwa ajili ya chai. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa. Ubeti baada ya ubeti, mpaka ukafika ule wa kabla ya mwisho, na hapo nikamshika mkono.

Kisha ala zikazungushwa na kutua. Fidla ikachelewa, ikatua nayo. Makofi.

Ubeti wa mwisho hakuuimba.

Nilidhani amesahau. Lakini upande wa pili mtu mmoja akauliza kwa sauti, kwa furaha, kazi hii imetoka kwenye kichwa cha nani? Nikapata pembe ya kuchungulia chini ya jamvi, na nilichokiona nimekibeba mpaka leo. Mwimbaji aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akatabasamu. Hakusema ni wangu. Hakusema si wangu. Alitabasamu, na wao wakampongeza.

Jamani, mwizi wa kuku anakimbia akionekana. Huyu alisimama akapokea pongezi.

Nilimgeukia shangazi nikidhani nitamkuta analia. Hakuwa analia. Alichukua koleo, akaongeza kaa moja juu ya ufuniko, kaa ambalo pilau ile haikulihitaji hata kidogo, akatuambia kwa sauti ya kawaida kwamba wimbo haujaisha. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa wimbo haujaisha, pilau nayo haijaiva.

Wanawake walielewa mara moja, hapakuwa na haja ya mkutano. Aliyekuwa amebeba sinia akaliweka chini. Aliyekuwa akikata kachumbari akafunika kachumbari. Wakakaa wote, na mikono waliiweka mapajani.

Punde upande ule ukaagiza chakula, na aliyetakiwa kupeleka jibu ni mimi, kwa kuwa ndiye mkwe wa nyumba. Nilisimama ukingoni mwa jamvi, nimejifunika, nikamwambia baba mkwe kwamba pilau haijaiva. Akaniangalia. Harufu ya pilau ile ilikuwa imejaa uwanja mzima, bizari nyembamba, mdalasini, vitunguu vilivyokauka vizuri, kipofu angekuambia imeiva tangu zamani. Akasema haya, iharakishwe, watu wana safari. Nikarudi. Nikatumwa tena, nikajibu vile vile. Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa inatetemeka na nilijua kabisa nyumba ninayoitetemekea ni nyumba ninayokula na kulala, na kwamba mwanamke anayerudishwa kwao mwaka wa kwanza haulizwi sababu. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale zuliani. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Nje dereva akapiga honi. Jua lilikuwa limeshaanza kulala juu ya ukuta.

Baba mkwe akainuka akaja mwenyewe mpaka kwenye jamvi, na mwimbaji nyuma yake. Hapo akauliza nini hasa kinachochelewesha, na shangazi, kutoka ndani, akamwambia bila kuzunguka kwamba kuna ubeti umeachwa. Kumbe baba mkwe alikuwa akijua. Kumbe ndiye aliyeagiza uachwe, mchana ule ule watu wa chama waliposhuka kwenye lori, alimsikia mwimbaji akiujaribu ubeti ule, akamwambia huo hapana, na mwimbaji akakubali bila hata kubishana. Kiapo cha haki ya Mungu kilidumu mpaka alipokutana na mtu mwenye bakora.

Mwimbaji akasogea. Akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakuitika.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asione uzito wake. Kwetu hata adui yako akikupa shikamoo unamwitikia. Unaweza kumchukia baadaye, lakini marahaba yake unampa. Kimya kile kilikaa pale kati ya jamvi na sisi, na bibi harusi akajifunika uso.

"Shikamoo, shangazi," akarudia. "Nimefanya kwa heshima yako. Jina lako kutajwa mbele ya wanaume wote hawa."

"Jina nilipewa ili niitwe," akasema shangazi. "Ungetaka heshima yangu, ungeacha wimbo mzima."

Baba mkwe akakohoa. Akasema, bila kupandisha sauti, "Ndani ya nyumba yangu jina la mwanamke haliimbwi mbele ya wanaume. Mpakue chakula."

Ndipo mama mkwe wangu alipoinuka. Nimweleze kiumbe huyo: tangu nimeingia nyumba ile sikuwa nimemsikia akimaliza sentensi mbele ya mumewe. Aliongea kwa nusu, nusu ya pili akaimeza. Alikwenda akachukua kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, akakiweka mbele ya sufuria kubwa, akakikalia na mwiko wa shangazi magotini. Kisha akasema, "Na pilau ya mwanamke, italiwa mbele ya wanaume?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye mwenyewe alishangaa kuisikia sentensi yake imefika mwisho.

Honi ikalia tena. Nyuma ya baba mkwe wageni walikuwa wamegeuza shingo, na wale waliokuwa karibu walikuwa wamesikia yote, na kunong'ona kulikuwa kumeanza kutoka zulia hadi zulia. Alikuwa na njia mbili tu: kuwafukuza wageni na njaa katika harusi ya binti yake, au kuacha jina la mwanamke mmoja lipite hewani. Alisimama akiichezesha bakora. Sikuwa namchukia, niseme ukweli, nilikuwa naogopa tu. Mwisho akapunga mkono, si kwa kukubali, ni kama mtu anayefukuza nzi, akarudi kukaa.

Mwimbaji akarudi mahali pake, na kabla hajasema neno, yule mzee wa fidla alikuwa ameshaanza. Hakuna aliyempa ishara. Nilimsikia akiirudia njia ya wimbo wa chai, polepole, na wengine wakamfuata.

*Kaditama nafikia, wimbo nimeumaliza,*
*Mtungaji nawambia, msije mkauliza,*

na mstari wa tatu ukamtaja. Jina lake, jina la baba yake, na nyumba ya nyuma ya msikiti. Sauti ile nzuri, ya kiume, mbele ya wafanyabiashara na mashehe na karani wa bomani, ikalitaja jina la shangazi yangu, kisha kama ilivyo desturi ikaurudia mstari. Upande wa wanaume hapakuwa na Allah wala kupiga paja. Upande wetu hapakuwa na aliyevuta pumzi. Mimi nililia, na sikuwa na moshi wa kusingizia, kuni zilikuwa zimeshakuwa majivu. Fidla ilichelewa kutua, ikatua.

Shangazi akajifunga khanga upya. Akasema kupitia jamvi, taratibu, "Marahaba, mwanangu."

Kisha akatugeukia akasema tupakue, pilau itaungua.

Walikula. Walikula mpaka ukoko. Lori liliondoka jua likiwa bado lina ukucha mmoja juu ya minazi, na mambo hayo ningeyapenda yaishie hapo, lakini yangeishia hapo nisingekuwa na hasira hii leo.

Baba mkwe hakunirudisha kwetu. Alikaa bila kunisemesha mpaka nilipojifungua mtoto wa kwanza, na alipokuja kumtazama alimsemesha mtoto. Mama mkwe alirudi kwenye nusu sentensi zake, ila tangu siku ile mumewe alikuwa akingoja kidogo akimaliza kuongea, kama mtu asiye na hakika iwapo nusu ya pili inakuja.

Baada ya muda santuri ya wimbo wa chai ikatoka. Baba mkwe aliinunua, kwa sababu alikuwa mpenzi wa taarab kweli, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba alikuwa akiipenda. Nilimwomba shangazi aje. Alikuja na buibui lake akakaa chini karibu na mashine, na tukausikiliza wote wawili mlango umefungwa. Birika ilikuwepo. Jirani alikuwepo. Fidla ilikuwepo, inachelewa vile vile. Ubeti wa mwisho haukuwepo. Nililipuka, nikasema maneno juu ya yule mwimbaji ambayo siwezi kuyaandika, nikataka kwenda kwa mama yake na kinu alichowahi kuazima. Shangazi akainua sindano kwenye sahani kwa kidole kimoja.

"Tulia," akaniambia. "Huko hawali pilau yangu."

Akaomba chai. Nikampikia.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiendelea kuchambua mchele na kucheza midomo, na nyimbo zake nyingine nne, tano, alizofundisha kupitia mlango kwa watoto wa watu, nazisikia zikipigwa. Zote hazina mlango wa kufungia. Zote wamezipa jina hilo moja, hajulikani, kama kwamba Hajulikani ni bwana mmoja mwenye kipaji kikubwa aliyeishi pwani yote. Nimeshawauliza wenye vyama, nimeshamwuliza mtu wa redio aliyekuja kurekodi wazee. Huyo wa redio aliniambia, bibi, andika jina lake kwenye karatasi utupe.

Sikuandika, na hapa pia sitaandika, ndiyo maana humu hukulikuta. Alinikataza. Kitabu hiki nacho ni karatasi, na wauza karanga bado wapo. Lakini mimi ubeti wote ninao, mistari yote mitatu, na sauti imebaki ya kutosha. Nyumba yangu inajulikana, mlango uko wazi tangu alasiri, na anayelitaka jina lile aje akae nimwimbie.

Na yule kijana wa kipaza sauti asiseme tena kwamba hajulikani. Aseme hakuuliza.